Kambisti wa Baraka na Bei ya Noti

Ukitaka kujua benki za Kivu ya Kusini zina afya gani, usihangaike na mlango wa benki. Nenda sokoni Baraka, tafuta meza ndogo yenye vitita vya faranga vilivyofungwa kwa raba, kisha uliza maswali mawili: dola leo ni ngapi, na kutoa dola mia kwenye simu ni ngapi. Jibu la kwanza litakupa hali ya faranga, la pili hali ya benki. Mambo yakiwa shwari, gharama ya kutoa ni ile iliyo kwenye bango la kampuni ya simu. Yakiharibika, bango linabaki ukutani na bei inahamia kinywani mwa mwenye meza.

Mwenye meza huyo watu humwita kambisti, na siku hizi mara nyingi ndiye pia wakala wa pesa za simu. Kazi yake haina chuo wala heshima kubwa. Bei ikipanda anaitwa mlanguzi. Ikishuka hakuna anayemkumbuka. Mimi namhesabu miongoni mwa mafundi, pamoja na seremala na mtengeneza mitumbwi, na nataka kueleza kwa nini.

Baraka iko ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, ikitazamana na rasi ya Ubwari. Mji wa Fizi uko juu milimani. Uvira iko kaskazini, karibu kilomita 90 kwa Barabara ya Taifa namba 5, ambayo mvua na vizuizi vya wenye silaha huirefusha vinavyotaka. Ziwani hutoka faranga. Wavuvi wa ndagala huvua usiku kwa taa, na asubuhi akina mama wa sokoni hulipa kwa noti ndogondogo zinazonuka samaki. Milimani, upande wa Misisi, hutoka dhahabu, na dhahabu huita dola. Mwenye samaki anataka dola akanunue nyavu na vitenge ng'ambo. Mnunuzi wa dhahabu anataka faranga za kuwalipa wachimbaji na kununua unga. Kambisti amekaa katikati yao.

Sasa, mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti ndagala. Mitumbwi hupumzika, na faranga hupungua sokoni kwa siku kadhaa. Kambisti hodari anaifuata kalenda hiyo kama mvuvi mwenyewe. Siku chache kabla ya mbalamwezi anaanza kuzibana faranga, anapunguza kidogo anachotoa kwa kila dola. Giza likirudi anaziachia. Mwisho wa mwezi kuna wimbi jingine, la mishahara: wafanyakazi wa mashirika na dola zao, walimu na faranga zao. Walimu wana kisa chao. Tangu serikali ilipoanza kulipa watumishi wake kupitia benki, mwaka 2011, mshahara wa mwalimu wa kijijini umepita mikono mingi, ikiwamo ya shirika la Caritas mahali ambapo benki hazikufika. Kambisti anajua mshahara umeingia kabla mkuu wa shule hajatangaza.

Mtazame akihesabu. Tuseme dola moja ni faranga 2,800. Dola mia ni 280,000, na kwa noti za 500 hizo ni noti 560. Anashika kitita kwa mkono wa kushoto, anakikunja kwa urefu juu ya kidole cha shahada, na dole gumba la kulia linasukuma noti moja moja bila kuinuka. Hahesabu kwa sauti, na ukimsemesha hakujibu. Noti ya kumi inakunjwa kuzizunguka tisa. Zikifika kumi za kumi, raba. Halafu anakigeuza kitita chote na kuanza upya kutoka upande wa pili, maana noti ya 200 iliyochomekwa katikati ya za 500 hupenda kukaa pale ambapo mhesabuji huwa ameanza kuchoka.

Dola hazihesabu hivyo. Dola anazisoma.

"Mama, nipatie faranga."

"Lete nione, baba." Anaipitisha noti ya dola mia kati ya vidole, anasugua ukosi wa koti la mtu wa pichani, pale ambapo wino wa kweli huparuza. Anaiinua juani. "Hii imechanika."

"Wapi? Mi sioni."

"Hapa ukingoni. Shika mwenyewe uangalie."

Mchaniko wenyewe hauzidi milimita mbili. Kongo nzima ina ukali huu: faranga iliyobandikwa gundi na kupakwa matope inapita kila mahali, lakini dola yenye kovu dogo inageuka mgonjwa, na zile za zamani zenye picha ndogo ni shida tupu. Mchanga wa kazi angeirudisha. Huyu anasema, "Nitaichukua kwa tisini na tano," kwa kuwa anamjua mfanyabiashara anayesafiri kwenda nchi ambako kovu hilo hakuna atakayelitazama. Tano hizo ni malipo ya kumjua mtu huyo na kumngoja.

Wamarekani wa karne ya 19 wangemwelewa mama huyu mara moja. Kabla ya sheria ya benki za taifa ya mwaka 1863, kila benki yenye kibali cha jimbo lake ilichapa noti zake yenyewe, na zilizozunguka nchini zilikuwa za maelfu ya sura. Noti ya benki ya mbali ikifika New York haikupokelewa kwa thamani kamili; ilikatwa kulingana na umbali na uvumi. Mwaka 1842 dalali mmoja wa mji huo, John Thompson, alianza kuchapisha jarida la kuwaeleza wenye maduka noti ipi ni halali, ipi ya bandia, na ipi benki yake imekwisha kufa. Mwenye duka aliliweka karibu na sanduku la pesa, akalifungua mbele ya mteja bila aibu. Mama wa Baraka hana jarida. Yote hayo anayo kichwani.

Lakini ufundi hasa huonekana benki zinapositisha malipo, na katika hilo Marekani ile ilikuwa na mazoezi ya kutosha. Tarehe 10 Mei 1837 benki za New York zilikataa kubadilisha noti kwa sarafu za dhahabu na fedha, na karibu nchi nzima ikafuata. Mwaka 1857 mkasa ulianza Agosti kwa kuanguka kwa kampuni ya Ohio Life; Septemba meli iitwayo Central America ikazama na dhahabu ya California iliyokuwa ikingojwa New York; katikati ya Oktoba malipo yakasimama, na Desemba yakarudi. Mwaka 1873 ilikuwa zamu ya Jay Cooke na bondi zake za reli. Mwaka 1893, tena.

Katika masimulizi ya hofu hizo, jambo moja husahaulika. Benki iliyositisha malipo haikuwa lazima ifunge mlango. Makarani walikuja kazini, hundi ziliandikwa na kupokelewa, madeni yalikusanywa. Kilichokoma ni mteja kupewa pesa mkononi. Kwa hiyo mji mmoja ukawa na pesa za aina mbili, za daftarini na za mkononi, na bei ikazuka kati yake papo hapo. Agosti 1893 madalali wa New York walinunua noti taslimu kwa hundi na kuongeza ziada iliyofika karibu asilimia 4. Noti ya dola ilikuwa inauzwa kwa zaidi ya dola.

Zaire nayo iliyajua hayo: katika miaka ya mwanzo ya 1990 hundi na noti Kinshasa hazikuwa na bei moja, na mtaa wa makambisti wa mji huo watu waliubatiza Wall Street. Sidhani walikuwa wakiwaza mwaka 1893, lakini hawakukosea jina.

Kivu iliyaona upya mwaka 2025. Goma ilitekwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari, Bukavu katikati ya Februari. Matawi ya benki yalifungwa, na Benki Kuu, ambayo ndiyo huleta noti mpya na kuchukua zilizochakaa, haikufanya kazi tena katika miji hiyo. Pesa za watu hazikufutika; salio lilisomeka kwenye simu vilevile. Noti ndizo zilizoadimika, na zile zilizobaki ziliendelea kulegea na kuchanika kwa kuwa hapakuwa na wa kuzibadilisha. Serikali ya mkoa ilihamia Uvira. Baraka ilibaki upande wa serikali, lakini njia ya Bukavu ilikuwa imekatika. Tarehe 10 Desemba M23 wakaingia Uvira pia, na maelfu ya watu wakakimbia, wengine kuvuka kwenda Burundi, wengine kushuka kusini kuelekea Baraka na Fizi, kila mmoja na simu mfukoni na haja ya noti mkononi.

Hapo ndipo wakala wa Kongo anapompita mwenzake wa Kigoma au Nairobi kwa ugumu wa kazi. M-Pesa ilipoingia Kongo mwaka 2012 iliikuta nchi inayotumia sarafu mbili, na simu ikazichukua zote mbili. Kwa hiyo mwenye meza analinda vyungu vinne kwa pamoja: faranga za noti, dola za noti, faranga za simu, dola za simu. Kila mteja anahamisha kitu kutoka chungu kimoja kwenda kingine. Mwalimu akitoa mshahara, faranga za noti zinapungua na za simu zinaongezeka. Mwenye duka akituma malipo Kalemie, kinyume chake. Siku ya kawaida kazi yote ni kuwakutanisha hao wawili, wasiojuana na ambao hawatajuana, bila chungu chochote kukauka. Saa tano asubuhi anajua nani atakuja saa tisa, na ndiyo maana anamwambia mwalimu, bila kueleza sababu, "Chukua laki leo, nyingine upitie jioni."

Siku ya taharuki watu wote wanatoa, hakuna anayeweka. Noti zinakwisha, simu inajaa salio lisilo na kazi. Asiyejua kazi anasema rezo, yaani mtandao, hakuna. Hiyo ndiyo namna ya benki ya mtu mmoja kusitisha malipo, na wateja wanaijua vizuri, maana mtandao haurudi hadi awe amepata noti. Fundi hasemi hivyo. Anagawa. Mwenye mgonjwa hospitalini anapewa kwanza, na kamili. Mwenye kutaka dola elfu anaambiwa ukweli: mia leo, nyingine zikipatikana. Na anapandisha bei.

Najua hapa nitagombana na wengi, hasa walimu, ambao hawana pesa ya kuchezea na ndio hulipa ziada hiyo kwa uchungu zaidi. Lakini ifuate ziada inakokwenda. Sehemu kubwa ya noti za mji siku ya hofu zimelala: chini ya godoro, kwenye debe la mfanyabiashara wa samaki, kwa mnunuzi wa dhahabu anayesubiri mambo yatulie. Kambisti anamwendea mmoja wao na kumwambia, nipe noti za milioni tatu, nitakurushia kwenye simu milioni tatu na juu yake laki. Ziada aliyotozwa mwalimu ndiyo inayolitoa debe uvunguni. Mwaka 1893 ilikuwa hivyohivyo: ziada ya noti ilifanya iwe faida kuleta dhahabu kutoka Ulaya na kufungua makasha ya nyumbani, na kufikia mapema Septemba ilikuwa imejimaliza yenyewe. Bei ndiyo iliyoleta dawa.

Siwatetei wote. Ziada inayoleta noti ni moja, na ile inayotozwa mjane kwa sababu tu hana pa kwenda ni nyingine. Wenye meza wenyewe wanaijua tofauti. Fundi hushusha bei siku ileile noti zilipofika, hata kama hakuna aliyelalamika, kwa kuwa anataka mteja huyo arudi akiwa na pesa za kuweka.

Anaweza kufanya haya yote kwa sababu hayuko peke yake. Chungu kikikauka anatuma kijana meza ya tatu kuleta vitita viwili, na kijana anarudi navyo bila mkataba, kwa kikaratasi chenye tarakimu na sahihi. Jioni vikaratasi vinakutanishwa: wewe unanidai laki nne, mimi nakudai tatu na nusu, lete hamsini tumalize. Benki za New York zilianza kufanya hivyo kwa pamoja mwaka 1853, zilipoanzisha nyumba yao ya kulinganisha hundi, na mwaka 1860 George Coe wa American Exchange Bank akapendekeza hatua iliyofuata. Benki iliyopungukiwa ilipeleka dhamana zake mbele ya kamati, ikapewa hati ambazo benki nyingine zilikubali kupokea kama malipo kati yao. Pesa taslimu zikabaki kwa ajili ya wateja. Mbinu hiyo ilitumika tena 1873, 1893 na 1907, na kwa miongo mingi ndiyo iliyofanya kazi ya benki kuu katika nchi isiyokuwa nayo.

Kamati ile ilikuwa na ujanja mwingine ninaoupenda. Mwaka 1873 iliacha kuchapisha hesabu za kila benki, ili hofu isipate jina la kulishika. Ukiuliza sokoni mbona meza ya fulani haina mtu, utajibiwa kwamba amekwenda kula. Anaweza kuwa amekwenda kula tangu juzi. Hakuna mwenzake atakayekwambia amekaukiwa, kwa sababu ukishajua hivyo utakimbilia kutoa kwake na kisha kwa jirani yake.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini asijilundikie noti tu, akalala usingizi. Wazee watakujibu kwa tarehe. Tarehe 25 Desemba 1979 Mobutu alizifuta noti za zaire tano na kumi, zilizokuwa kubwa kuliko zote, na kutoa siku chache tu za kuzibadilisha. Wa mjini walipanga foleni. Wa milimani wengi walibaki na makaratasi. Mwaka 1993 ikaja zaire mpya, moja kwa milioni tatu za zamani, na Kasai ikaikataa kabisa. Na juzi tu, Juni 2023, benki kuu ya Burundi ilitangaza kuziondoa noti za 5,000 na 10,000 za toleo la 2018 na kutoa siku kumi. Kwa kambisti wa kandokando ya ziwa, ambaye sanduku lake halikosi faranga za Burundi, siku kumi ni za kuhesabu boti. Ndiyo maana hodari hawalali na sarafu moja kwa wingi. Baadhi huweka na dhahabu kidogo. Lakini dhahabu haitoi chenji, kwa hiyo si kwa ajili ya meza.

Kilicho kigumu kuliko kusitisha ni kufungua tena, na hapo naona ndipo mafundi wanapojulikana. Mwaka 1838 Albert Gallatin, mzee wa miaka 77 aliyewahi kuwa waziri wa fedha, aliziongoza benki za New York kurudi kulipa mwezi Mei. Zilikuwa zimejiandaa: zimepunguza noti na mikopo, zimekusanya sarafu, na dhahabu ilikuwa njiani kutoka Uingereza. Nicholas Biddle wa Philadelphia alishikilia kwamba wakati haujafika. Philadelphia ilifungua baadaye mwaka huohuo kwa shinikizo, na Oktoba 1839 ikaanguka tena. New York ilisimama.

Mfano bora zaidi ni wa tarehe 1 Januari 1879, serikali ya Marekani iliporudi kubadilisha noti zake kwa dhahabu baada ya karibu miaka 17. Waziri John Sherman alikuwa amelundika dhahabu ya zaidi ya dola milioni 100 akingojea umati. Siku ya kwanza ya kazi mjini New York zililetwa noti za dola 135,000 kuchukuliwa dhahabu, na dhahabu ya dola 400,000 kuchukuliwa noti. Watu walipoona dhahabu ipo, hawakuitaka. Noti ni nyepesi kubeba.

Kambisti anafanya Januari 1879 yake kila baada ya milio ya risasi kunyamaza. Asubuhi ya kwanza anakuja mapema na kuvipanga vitita vyote juu ya meza, hata alivyoazima. Wa kwanza kulipwa ni yule mwenye sauti kubwa, na analipwa chote alichoomba, noti nzuri juu, mbele ya watu. Wa pili naye vivyo hivyo. Kufikia wa saba au wa nane kuna anayesema, basi, nitapita kesho, na mwingine anayeuliza kama anaweza kuweka. Hapo vitita vya kuazima vinaanza kurudi kwa wenyewe, kimoja kimoja, vikibebwa na kijana yuleyule.

Mlango kufunguliwa pekee hakutoshi. Aprili 2025 M23 walifungua tena tawi la benki ya CADECO mjini Goma, kwa sherehe, ilhali benki nyingine zilibaki zimefungwa na Kinshasa ikikataa kulitambua. Tawi lisilo na Benki Kuu nyuma yake linaweza kupokea noti. Swali ni litazitoa wapi nyingine zikiisha. Mwenye meza halihitaji darasa la uchumi kuliuliza swali hilo. Benki ikitangaza popote kwamba imefungua, anapeleka dola ishirini Jumatatu na kuzifuata Alhamisi. Akipewa noti nzima bila kuambiwa arudi kesho, wiki ya pili anapeleka mia mbili, na siku hiyo anashusha bei yake ya kutoa kwa nusu asilimia. Ya tatu anaacha pesa zikae.